Vidonge vya Kwaresima

Jumatano, 5 Machi 2025
Majivu. Mvua ilitukuta njiani kutoka kanisani, na alama kwenye paji la uso ikaoshwa kabla hatujafika nyumbani.

Mume wangu Xaveri amemaliza kufyeka mlimani. Nyasi amezilaza kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba, kama daftari la hesabu. Kazi ya wanaume imeishia hapo. Kuanzia kesho ni sisi wanawake: kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, mpaka mlima uwe mashimo na kingo, kisha maharage juu ya kingo. Shimo moja na kingo zake ndiyo ngolo moja.

Mama mkwe amegawa. Mimi kipande cha juu, ngolo tisini. Wifi Rosina kipande cha chini, karibu na kijito, ngolo themanini. Kimelala miaka miwili.

"Kila mmoja achimbe chake," Mama alisema. "Mwezi ukiisha maharage hayajaingia, kipande cha chini nawapa akina Benadetha. Wameshakiomba mara mbili."

Rosina alirudi Novemba kutoka Mbaha, ziwani, baada ya mumewe kufariki. Alishuka na godoro moja na kapu la usipa wakavu, dagaa wa huko. Miaka kumi na minne amelima mihogo kwenye mchanga, ngolo amezisahau. Hana shamba lingine popote.

Alhamisi, 6 Machi
Ngolo nne. Rosina moja, imepinda.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua hadi mchana. Ngolo mbili. Jioni Njia ya Msalaba. Tunafunga, mlo ni mmoja tu wa jioni. Rosina hata huo hakuugusa. Mama mkwe amefurahi sana. "Huyu ndiye anayefunga. Nyinyi wengine mnachungulia sufuria."

Jumatatu, 10 Machi
Ngolo tano. Benadetha, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alisimama juu ya shamba lake akaita:

"Mama Aurelia! Wifi yako anachimba bwawa la kufugia usipa?"

"Mwenyewe huyo hapo, muulize," nilimjibu.

"We Rosina! Hiyo ni ngolo au mtumbwi?"

Rosina hakuinua kichwa. "Mtumbwi. Mvua ikizidi mtakuja kunikodi."

Walicheka kote mlimani. Na mimi nilicheka.

Jumatano, 12 Machi
Tano.

Alhamisi, 13 Machi
Kopo la dawa la kikundi cha akina mama ninalitunza mimi, kwa sababu nilifika kidato cha nne na ninaandika kila kinachotoka. Leo: vidonge vyeupe viwili, Rosina, jino.

Ijumaa, 14 Machi
Viwili, Rosina, jino. Ngolo nne.

Jumamosi, 15 Machi
Viwili tena. Mimi nimefika arobaini, Rosina kumi na tisa. Ikifika saa nne anakaa kwenye ukingo, anashika shavu, anatazama bondeni. Jioni jikoni anasimulia habari za Mbaha mpaka watoto wanasinzia, na shavu halishikwi. Naandika ninavyoona: Rosina hana jino bovu, ana uvivu wa ziwani. Jino lake linauma likiona udongo.

Jumatatu, 17 Machi
Jioni nilimwambia kopo ni la kikundi kizima, siwezi kumpa yeye kila siku. Hakukasirika. Alifungua fundo la kanga akatoa pakiti nne, nyingine za duka la dawa hapa kijijini, nyingine alizoagiza mjini.

"Hii nyekundu ni ya jino. Ya kijani ya mgongo. Ya njano ya homa, maana mchana nasikia homa. Na hii ya bluu ya mafua, ila mimi naimeza nipate usingizi."

"Unazimeza zote pamoja?"

"Ndiyo hofu yangu, wifi. Zisije zikagombana tumboni. Wewe uliyesoma nipangie."

Nilikata karatasi nikampangia. Nakala ni hii:

Saa 12 asubuhi, kijani 2. Saa 3, nyekundu 2. Saa 6, njano 2. Saa 9, kijani 2. Saa 11, nyekundu 2. Saa 1 jioni, njano 2. Saa 3 usiku, bluu 2.

Hakuna dawa inayokutana na nyingine. Rosina aliitazama karatasi akasema hajawahi kupangiwa kitu vizuri namna hii. Tunaanza kesho.

Jumanne, 18 Machi
Ngolo tano. Rosina tatu, jumla ishirini na nne.

Jumatano, 19 Machi
Mtakatifu Yosefu. Misa asubuhi, kazi mchana. Rosina ngolo sita, kwa nusu siku. Nilizihesabu mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi
Rosina saba, mimi tano. Ratiba inafanya kazi. Pakiti ya njano imekwisha, ameagiza nyingine. Tupu nimeihifadhi, situpi kitu chenye maandishi.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua kubwa usiku, asubuhi udongo mzito. Rosina saba. Kingo zake sasa zimenyooka, na Benadetha hana la kusema.

Kuhusu uvivu nilikosea. Mstari wa tarehe 15 nauacha kama ulivyo, daftari hili halifutwi.

Lakini hali chochote. Anakunywa uji mwepesi kwa kijiko, upande wa kushoto. Kutafuna hawezi. Usiku jino halifuati ratiba, anasema, kwa hiyo anaongeza nyekundu mbili, na alfajiri nyingine mbili. Mama mkwe anamtolea mfano kwa wajukuu.

Jumamosi, 22 Machi
Rosina ngolo tano, akatapika pembeni ya ngolo ya sita. Alitapika maji matupu. Jumla arobaini na tisa. Zimebaki thelathini na moja.

Jumapili, 23 Machi
Hakwenda kanisani. Anatapika, na anaumwa chini ya mbavu, upande wa kulia. Nyekundu na kijani alimeza, hazikukaa tumboni.

Benadetha alipita baada ya misa. "Mjane anatapika asubuhi? Basi tuanze kuhesabu miezi."

"Benadetha, funga huo mdomo," Mama mkwe alisema. "Umetoka kupokea komunyo sasa hivi."

Jumatatu, 24 Machi
Naandika kwenye benchi la hospitali. Leo ni ndefu.

Saa mbili tulikuwa zahanati. Malaria hakuna. Nesi alimsogeza Rosina dirishani, akavuta ukope chini. "Macho haya yamekuwa hivi tangu lini?"

Mimi nalala naye nyumba moja na nilikuwa sijayaona. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Nesi aliandika karatasi ya rufaa akatuambia tusipite nyumbani.

Bodaboda mbili, matope. Mara tatu tulishuka kusukuma. Rosina alitaka kusukuma na yeye, nikamkatalia. Saa sita tulikuwa hospitali ya misheni, Mbinga.

Daktari anaitwa Praygod. Ni kijana, anavaa miwani, anaongea taratibu. Alimgusa tumbo, akamchukua damu, akauliza ametumia dawa gani.

"Za maumivu tu, daktari. Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Rosina alinitazama. Nilitoa daftari hili kwenye mkoba nikalifungua tarehe 17. Daktari alisoma ratiba. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Kwenye tarehe 15 alisimama, akaniangalia juu ya miwani, kisha akaendelea.

"Pakiti unazo?"

Nilikuwa nazo kwenye bahasha. Alizipanga mezani, nyekundu, kijani, njano, bluu, akazigeuza nyuma moja moja, na kwa kalamu akapiga mstari chini ya neno moja katika kila pakiti. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo. Lilikuwa neno lilelile katika zote nne. Parasetamoli.

"Vitu vingine vilivyochanganywa humu vinatofautiana," alisema. "Lakini hii imo katika zote. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane kwa siku. Hapa amepangiwa kumi na vinne."

"Vya usiku niliongeza mwenyewe," Rosina alisema. Nadhani alitaka kunisaidia.

Daktari aliniuliza nimesoma mpaka wapi.

"Kidato cha nne."

"Kiingereza ulipata nini?"

"C."

Alimwita nesi, akaagiza dripu.

Alipotoka wodini nilimfuata nikamwomba anieleze ili niandike. Alichora nyuma ya fomu. Ini likivunja dawa hii, alisema, sehemu yake ndogo hugeuka sumu. Kwa kawaida haidhuru, kwa sababu ini lina kinga yake inayoishika ile sumu na kuiondoa. Kinga hiyo hutengenezwa kwa asidi amino iitwayo sisteini.

"Asidi amino unazikumbuka?"

"Ni vipande vinavyojenga protini."

"Na sisi tunazipata wapi?"

"Kwenye maharage, mayai, samaki, nyama."

"Sasa nisomee, tangu Majivu amekula nini."

Nilimsomea. Kila nilipokuwa nimeandika chakula cha Rosina ilikuwa uji, au hakugusa.

"Basi," daktari alisema. "Kila siku sumu inaingia kwa wingi, na ghala la kinga halijazwi. Mwenye chakula tumboni angeweza kuvumilia zaidi kidogo. Huyu alikuwa hana akiba."

Dawa iliyo kwenye dripu ni asidi amino hiyohiyo, imebadilishwa kidogo ili ini liweze kuitumia kujenga kinga upya.

"Atapona?"

"Mtu akimeza nyingi kwa mara moja, akaletwa ndani ya saa nane, ningekujibu ndiyo. Huyu amemeza siku tano, sita. Dawa inaweza kulinda kilichobaki. Zaidi ya hapo sikuahidi."

Dripu ilianza saa nane kasorobo mchana.

Nimefungua tena bahasha. Herufi ni ndogo, lakini zinasomeka bila miwani.

Jumanne, 25 Machi
Dripu ilikuwa ya siku ya kwanza tu. Inayofuata ni dawa ileile katika vipakiti vya unga, ambavyo watu hununua kwa ajili ya makohozi. Unayeyusha kwenye maji, anakunywa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Daktari alinipa kipimo akasema, "Wewe ni mtu wa ratiba. Andika."

Nimeandika. Niliomba nesi aipitie, kisha nikaomba nesi wa zamu ya pili aipitie.

Dawa inanuka mayai viza. Rosina aliziba pua. "Wiki tatu sijaonja yai, na leo mnaninywesha lililooza."

Saa 8 alikunywa. Saa 8 na nusu akatapika, tukarudia. Saa 12 alikunywa.

Kila asubuhi daktari anamtaka ataje siku, aandike jina lake, achore nyota. Anasema ini likichoka sana, kichwa nacho huchanganyikiwa, na mkono huonyesha mapema kuliko mdomo. Rosina alisema nyota hajui kuchora, atachora ngolo. Akachora mraba na shimo katikati. Mistari imenyooka. Karatasi nimeibandika hapa.

Jumatano, 26 Machi
Alikunywa dozi zote. Jina kaliandika sawa. Ngolo ya leo imepinda upande mmoja. Damu inachelewa kuganda kuliko jana.

Alhamisi, 27 Machi
Alisema leo ni Jumapili. Aliniuliza kama nyavu zimekauka. Nikamwambia tuko Mbinga, akasema anajua, lakini nyavu zimekauka?

Nimebandika mchoro. Mistari minne, haikutani popote.

Daktari aliutazama muda mrefu. "Tunaendelea na dawa," alisema. "Hatuna kingine cha kuendelea nacho."

Saa 8 alikunywa. Saa 12 alikunywa. Saa 4 nilimshika kichwa, akanywa. Saa 8 alikunywa.

Kipande cha chini kimebaki ngolo thelathini na moja, na mwezi umebaki siku nne. Sijamwambia mtu kwamba ninawaza hilo. Nawaza pia kwamba kama angekuwa mvivu kweli, angekuwa mzima.

Ijumaa, 28 Machi
Mistari miwili imekutana. Siku aliitaja baada ya kufikiri. Damu haijazidi kuharibika. Daktari hakutabasamu, lakini alikaa kitandani badala ya kusimama.

Jumamosi, 29 Machi
Mraba umefungwa, pembe zote nne, na shimo liko katikati.

"Leo siku gani?" daktari aliuliza.

"Jumamosi. Na zimebaki thelathini na moja."

"Thelathini na moja za nini?"

"Muulize wifi, ndiye anayehesabu."

Vipimo vya ini vimeanza kushuka. Daktari alisema sasa anaweza kunijibu lile swali la Jumatatu: atapona. Hakusema kwa uhakika kuwa ni dawa iliyofanya. Ini lenyewe nalo linajua kujirudisha, alisema, likipewa nafasi. Lakini yeye asingependa kulijaribu bila dawa.

Mchana Rosina aliniuliza: "Siku ile daktari aliona nini kwenye daftari lako mpaka akakuangalia vile?"

Ningeweza kusema ni ratiba. Nilimsomea tarehe 15, yote, pamoja na uvivu wa ziwani.

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni maumivu. Alikuwa anacheka, anashika ubavu.

"Likiona udongo," alisema. "Hilo zuri. Sasa andika na jibu langu. Jino ni la kweli."

Nimeandika.

Mama mkwe alifika jioni kunipokea zamu, na mayai sita ya kuchemsha kwenye kitenge. Rosina alikula moja na nusu. Mama alikaa akitazama kila tonge. Kwenye korido aliniambia, "Mimi nilimsifu kwa kutokula."

Nikamwambia, "Shamba je, Mama?"

"Nilisema mwisho wa mwezi." Akafikiri. "Ila akiita ngokela, ngokela nitaihesabu kama mkono wake."

Ngokela ni kazi ya kuitana, unawaita wenzako wakuchimbie na unawaandalia pombe. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kumwita mtu. Nimeondoka na gari la jioni.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya misa nilisimama nje ya kanisa nikasema Rosina anaita ngokela kesho. Hakuwa ameita. Nikasema pia hakuna pombe, ni Kwaresima na mimi sijapika.

Jumatatu, 31 Machi
Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kipande cha chini peke yangu. Saa moja Benadetha alivuka kijito na jembe, na wanawake saba nyuma yake.

"Pombe hatudai leo," alisema. "Tutadai Pasaka, na riba."

"Hiki kipande si ulikiomba mara mbili?"

"Shamba la mgonjwa silichukui, Mama Aurelia. Nasubiri apone nimnyang'anye vizuri."

Thelathini na moja zilikwisha saa tisa. Maharage yaliingia kabla ya mvua. Ile ya kwanza kabisa ya Rosina, iliyopinda, walitaka kuinyoosha. Nikawaambia waiache.

Zangu zimebaki ishirini na sita.

Ijumaa, 4 Aprili
Rosina ameruhusiwa. Daktari alisubiri damu igande kama kawaida, ndipo jino likang'olewa. Limeoza mpaka kwenye mzizi, lina tundu la kuingiza punje ya mchele. Rosina alinipa likiwa limefungwa kwenye pamba.

"Libandike tarehe 15."

Gundi haikushika. Nimelishona kwa uzi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimemaliza zangu. Nimechelewa, maharage yangu yatakuwa nyuma ya wote. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Kuku, maharage ya mwaka jana, mayai. Rosina alitafuna pande zote mbili. Akina Benadetha wamekuja kudai pombe yao na wameipata. Rosina hakunywa, daktari amemkataza miezi sita. Alisimulia habari za Mbaha mpaka watoto wakasinzia.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua zimekatika. Maharage ya chini yamepanda magotini, yangu bado.

Mkutano wa kikundi. Niliomba kusema. Nilisoma ratiba ya tarehe 17 mbele ya wote, nikapitisha pakiti nne mkono kwa mkono zenye mistari ya kalamu ya daktari. Nikaeleza kwamba rangi si dawa, dawa ni lile neno dogo la nyuma, na kwamba neno lile niliweza kulisoma tangu siku ya kwanza. Kisha nikaweka kopo katikati nikasema nalirudisha, wamchague mwingine.

Benadetha aligeuza pakiti ya njano, akaitazama, ingawa kusoma hajui. Mmoja akasema labda apewe mwalimu. Mwingine akasema lifungwe kabisa.

Rosina alisimama. "Abaki nalo huyuhuyu," alisema. "Katika sisi wote, yeye ndiye anayeogopa."

Walikubali kwa mikono.

Nimelipokea. Lina vidonge kumi na vinane, bandeji mbili, mkasi.